Gari Nililomchagulia Baba

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoulizwa swali lisilo la mtoto: kati ya gari la gia za mkono na gari linalojibadilishia gia lenyewe, lipi lingemfaa zaidi baba yangu? Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema, muulize mwenyewe, anatoka msikitini sasa hivi. Nilikuwa na peasi mdomoni. Ningeweza hata kuendelea kutafuna. Badala yake nilichagua, nikatoa na sababu, nikajiona mtoto mwenye akili kuliko wote waliozaliwa Lushoto.

Nisingeandika haya kama si harufu. Mwezi uliopita binti yangu wa mwisho, ambaye ni mwalimu, alikuja kunisalimia kwa gari aliloazima kwa rafiki yake ili alijaribu kabla hajanunua la kwake. Lilikuwa la otomatiki. Alishuka nalo kutoka Magamba mpaka hapa kwangu akiwa ameliacha kwenye D, gia ya kwenda mbele, mwanzo mpaka mwisho, mguu juu ya breki kila kona. Alipofungua mlango, harufu ilifika uani kabla yake. Breki zilizoungua hunuka kama kwato za mbuzi zilizotiwa motoni, na mtu aliyeinusa utotoni haisahau.

"Shikamoo baba. Hili linanuka nini?"

"Marahaba. Breki."

"Mungu wangu! Ndiyo maana nakuuliza. Wenzangu wa shuleni wamegawanyika. Wengine wanasema kwa milima yetu nunua la gia, lenyewe linajishikilia kwenye mteremko. Wengine wanasema utajitesa bure, siku hizi hata wazee wanaendesha otomatiki. Wewe mtoto wa dereva unasemaje?"

Nikamwambia akamuulize fundi. Alicheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya naangalia kuku, nikakaa huko mpaka breki zikapoa. Sijui kuendesha gari, sijawahi kujifunza, na watoto wangu wamezoea kusema ni woga tu.

Baba aliitwa Athumani, lakini watu walimwita Dereva, na mama alikuwa Mama Dereva hata kwa watu waliomzaa. Alikuwa akiendesha Landrova ya Mzee Haji, mfanyabiashara wa mboga na matunda pale mjini. Mara nne kwa wiki walipakia kabichi, karoti, plamsi na peasi, wakashuka Soni hadi Mombo, ambako malori makubwa yalichukua mzigo kwenda Tanga na Dar es Salaam. Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka barabara ile kabla ya lami. Upande mmoja mwamba unaotiririka maji, upande wa pili hewa tupu, na chini kabisa mapaa ya mabati yanang'aa kama sarafu zilizoanguka kutoka mfukoni mwa mtu.

Kwa baba, kushuka mlima kulikuwa na adabu yake. "Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia," alisema, na aliisema kama watu wengine wanavyosema bismillahi. Kabla ya kona ya kwanza alirudisha gia, injini ikanguruma, na kutoka hapo gari lilishuka likijizuia lenyewe, mguu wake ukigusa breki kwa nadra. Madereva waliotoa gia na kuteremka bure bure ili waokoe mafuta hakuwaita madereva. "Hao ni mizigo iliyokaa mbele," alisema.

Aliyekuwa nyuma na mzigo, kama utingo, alikuwa Baba Mdogo Rajabu, mdogo wake wa tumbo moja. Nilimpenda Baba Mdogo. Alijua kupiga mluzi kwa pua. Baba alimfundisha kuendesha kwa miaka, naye kwenye tambarare za Mombo alikuwa hana neno, lakini mlimani miguu yake na mkono wake havikuelewana. Siku aliyopewa gari apandishe pale Soni, lilirudi nyuma polepole, watu wakipiga kelele, mpaka likakalia matenga matatu ya nyanya za mama mmoja. Tangu hapo soko zima likamwita Kinyumenyume. Alicheka pamoja nao. Mimi niliamini kwamba mtu anayecheka hajaumia.

Kisha baba alianguka. Alikuwa juu ya mzigo akikaza turubai, kamba ikakatika, akashukia bega la kushoto kwenye mawe. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa, akaendesha hadi nyumbani. Kwa siku mbili alilala. Siku ya tatu alivaa koti lake refu la baridi, akaingiza mkono wa kushoto mfukoni, akasema amepona. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Aliniita mbele ya mama, akaniambia, "Kuanzia kesho unakwenda na mimi."

Kaka zangu wawili walionizidi umri hawakuwahi kuambiwa neno hilo. Sikulala vizuri kwa furaha.

Aliniketisha kiti cha katikati, miguu yangu huku na huku ya rungu la gia. Upande wa mlango alipanga trei za mayai, ili asikae mtu mzima hapo. Kwa kuwa usukani wa magari yetu uko kulia, mkono wa gia ni wa kushoto, na mkono wa kushoto ulikuwa kotini. "Weka mkono wako hapa," alisema. "Nikikanyaga klachi na kusema haya, unapandisha. Nikisema rudi, unarudisha. Usiangalie rungu. Angalia goti langu." Tulizunguka uwanja wa bohari mara kadhaa, asubuhi ile wapakiaji hawajafika, na siku hiyohiyo tukashuka Mombo.

Nilidhani nafundishwa. Nilidhani baba amechunguza watoto wake wote, akaona ni mimi niliyezaliwa na udereva, na kwamba koti na mkono ule uliofichwa ni njia yake ya kunilazimisha nijifunze, kama ndege anavyomsukuma kinda. Nilijifunza haraka kwa sababu ya imani hiyo. Wiki ya kwanza nilisaga gia mara moja tu, pale juu ya maporomoko ya Soni, chuma kikalia chini ya miguu yetu, na baba akasema taratibu, "Umeiwahi klachi. Isubiri." Wiki ya pili hakuhitaji tena kusema haya wala rudi. Goti lilishuka, mimi nikasikia injini inataka nini, nikaipa. Usukani ulikuwa wake, klachi yake, gia zangu. Tulikuwa dereva mmoja aliyekaa viti viwili. Nimeishi sana baada ya hapo, nimeoa, nimezika, nimepata wajukuu, na sijawahi tena kuelewana na mtu namna ile bila kusema.

Ukweli niliuona kwenye udhu. Tulikuwa tumesimama Soni kwa sala ya adhuhuri, na baba alikuwa kijitoni peke yake. Mimi nilimfuata kumwomba ruhusa ya kula peasi. Aliosha mkono wa kulia. Kisha, kwa mkono huo wa kulia, akauchukua wa kushoto kutoka mfukoni, akaubeba kama mtu anavyobeba kitu cha jirani, akaulaza juu ya jiwe na kuuosha. Ulipomponyoka ulianguka majini, ukakaa huko na vidole vimelegea, mpaka alipouokota tena.

Aliniona.

"Umeona," alisema.

"Ndiyo baba."

"Basi umeona. Usimwambie mtu."

"Hata mama?"

"Mama anajua. Nani unadhani ananifunga vifungo?"

Nikarudi kwenye gari nikiwa mdogo kuliko nilivyotoka. Sikuwa nimechaguliwa kwa kipaji. Nilikuwa mkono. Nililia kidogo nyuma ya gurudumu la akiba, kisha nikafikiri, nikaona kwamba kuwa mkono wa baba si jambo dogo hata kidogo, na tulipoondoka pale niliweka gia ya kwanza kwa uangalifu kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.

Lakini tangu siku hiyo nilianza kuhesabu siku za likizo. Shule ikifunguliwa mimi nitakuwa darasani, na baba atakuwa peke yake na Landrova. Nani atamwekea gia? Mawazoni nilimwona akipoteza usukani, na mama akipoteza hata jina lake. Sikuthubutu kumuuliza. Kwetu mtoto hamuulizi baba yake atafanyaje. Jioni nilimwona barazani akiminya kipande cha mpira kwa mkono ule mbovu, akikiminya na kukiachia, mama akimkanda bega kwa mafuta ya moto, na nilidhani ni kama watu wanavyochezea tasbihi wakiwa na mawazo.

Ilikuwa imebaki wiki moja shule zifunguliwe Baba Mdogo aliponiuliza lile swali. Tulikuwa Soni tena. Baba alikuwa ameingia msikitini. Baba Mdogo aliruka kutoka nyuma, akanichagulia peasi kubwa kuliko zote kwenye tenga, akaipangusa kwa shati lake, akanipa. Akaegemea mlango wangu.

"Dereva mdogo," alisema.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba mwanangu. Leo nina habari, lakini wewe una mdomo kama pipa lililotoboka."

"Sina!"

"Haya. Unamjua yule mzungu wa misitu anayerudi kwao? Mzee Haji ananunua gari lake. Lile jeupe, refu nyuma. Unajua ajabu yake? Chini lina vikanyagio viwili tu."

"Klachi iko wapi?"

"Hakuna."

"Na gia?"

"Linajiwekea. Wewe unakanyaga, lenyewe linafikiri: hapa ni mlima, hapa ni tambarare. Dereva anakaa kama bwana harusi."

Nilijaribu kuliwaza gari hilo. Nilidhani ndani yake, chini ya bati, kuna kitu kama mimi, kilichokunja miguu, kinachosikiliza injini na kuipa inachotaka. Na papo hapo nikaona kwamba kitu hicho hakina shule ya kurudi.

"Sasa Mzee hajaamua nani ashike lipi," Baba Mdogo aliendelea, akiangalia mlango wa msikiti. "Mimi naona kaka amechoka na hii Landrova. Ningeweza kumsemea. Lakini lazima niwe na sababu, Mzee Haji si mtu wa kuambiwa hivihivi. Wewe unakaa naye mbele. Wewe uliye jicho lake, hebu chagua: lipi lingemfaa baba yako? La gia au lile jeupe?"

Niliacha kutafuna, na napenda kuliandika hilo, kwamba niliacha kutafuna. Nilikuwa najua kwamba nikilichagua jeupe najitoa mwenyewe. Katika gari lile hakuna kiti changu. Hakuna goti la kutazama. Nikaona nitakuwa mtoto mwema sana nikikubali kupoteza hayo ili baba abaki na usukani.

"Jeupe," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mkono wake wa kushoto haufanyi kazi. Gia naweka mimi."

Baba Mdogo hakushtuka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepelekewa ugali aliokuwa ameuagiza. "Zote?" aliuliza. "Zote," nikasema, na nikaongeza, kwa fahari, "na hendibreki." Akanishika kichwa. "Umefanya vizuri, mwanangu. Usimwambie baba kwamba umeniambia. Acha iwe furaha ya ghafla." Baba akatoka msikitini, akavaa viatu, akauliza kama mayai yako salama. Tukateremka Mombo, gia ya pili, na katika kila kona nilijua siri nzuri ambayo baba hakuijua.

Siku tatu baadaye tulirudi kutoka Mombo alasiri, gari tupu. Uani kwa Mzee Haji, mbele ya bohari, gari jeupe lilikuwa limeegeshwa, limeoshwa, maji bado yanadondoka. Mzee Haji alikuwa amesimama na wachuuzi wanne watano, mikono nyuma. Baba Mdogo aliruka chini kabla hatujasimama vizuri.

"Mtoto ashuke," alisema Mzee Haji. Nikashuka. "Athumani, irudishe Landrova nyuma mpaka mlango wa bohari."

"Mzee, vijana wanaweza kupakulia hapahapa, hakuna kitu ila matenga matupu."

"Nakuomba uirudishe."

Wale mnaoijua Landrova ya zamani mnajua kwamba rivasi yake haikuwa ya kuombwa. Rungu lilitaka kubanwa kushoto kwa nguvu, lipite springi, kisha lisukumwe. Hata mimi nilitumia mikono miwili. Baba alikaa kidogo. Kisha akautoa mkono kotini kwa mkono mwingine, mbele ya watu wote, akauweka juu ya rungu, na nikaona vidole vikijikunja. Vilijikunja kweli. Vilishika. Akakanyaga klachi, akasukuma, gia zikasaga. Akarudia, zikasaga tena. Mara ya tatu aliuachia usukani, akavuka kifua kwa mkono wa kulia, akalazimisha. Gari likaruka kama mbuzi, likazima.

Mchuuzi mmoja akacheka. Mzee Haji hakucheka.

"Mkono huo una muda gani?"

"Tangu nilipoanguka."

"Na watu wangu umewashusha Soni kwa mkono wa mtoto."

"Mtoto hajakosea hata kona moja, Mzee."

"Sikuulizi habari ya mtoto, Athumani. Nakuuliza habari yako."

Niliona jambo haliendi nilivyolipanga. Niliona wakubwa wamesahau, na kwamba ni mimi tu ninayeweza kuwakumbusha. Nikasogea, nikanyoosha kidole kwenye gari jeupe, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Babu Haji, si ndiyo maana umemletea hili? Nilimwambia Baba Mdogo kwamba gia naweka mimi, ili baba apewe lisilo na gia."

Mzee Haji alimtazama Baba Mdogo, Baba Mdogo akawa anakunja turubai ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa. "Hilo atalishika Rajabu," alisema Mzee Haji, bila ukali. "Hajui mlima na gia, basi atachukua linalojua lenyewe. Landrova nitaitafutia mtu." Baba hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, kutoka dirishani, kwa muda ambao hata leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha akashuka, akaacha ufunguo mahali pake, akavuta mkono wake akaurudisha kotini.

Lazima niseme haki. Mzee Haji hakukosea. Leo nikisikia kwamba dereva fulani anamwachia mtoto wa miaka kumi na mmoja gia za gari lenye watu, kwenye kona zile, nitamshusha mimi mwenyewe. Baba alikosea kuficha, na kama ningesaga gia siku moja mahali pabaya, watu wangekufa. Hayo nayajua. Lakini mtu anaweza kujua yote hayo na bado akakumbuka nani alikuwa amepewa siri na nani aliitoa kwa peasi.

Tulipanda kwenda nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, kwenye njia ya matuta ya karoti. Wanawake waliokuwa wakipalilia walimsalimia, "Dereva, leo kwa miguu?" naye akaitikia vizuri kila mmoja. Tulipofika pasipo na watu alisema bila kugeuka:

"Rajabu alikuuliza?"

"Ndiyo baba."

"Ukamjibu."

"Alisema atakusemea. Nilitaka upewe lile jeupe, shule zikifunguliwa usiwe peke yako na gia."

Alitembea hatua nyingi. "Nilikuwa nimeomba ruhusa ya wiki tatu," alisema, "kuanzia siku mnayofungua shule. Mzee alikuwa amekubali. Fundi wa mifupa kule Mlalo aliniambia mishipa imeamka, mwezi mmoja tu. Leo umeona vidole vimeshika?"

"Nimeona baba."

"Vilikuwa vinarudi," alisema.

Hakunichapa. Nilitaka anichape. Watu wa rika langu mnajua kwamba fimbo ilikuwa na mwisho wake: unalia, unanawa, unaitwa kula. Sikuitwa kwa fimbo, wala kwa neno lolote la hasira.

Baba Mdogo nilimfuata baada ya siku chache, alipokuwa akiling'arisha gari jeupe. Nilimwambia, "Ulisema ni la baba." Akaniambia, "Nilisema ningemsemea, na nilimsemea. Sikumwongezea Mzee hata neno moja, mwanangu. Yote niliyomwambia ni yako." Kisha akapiga ule mluzi wake wa pua. Ningependa kuandika kwamba gari lile lilimwangusha Soni. Halikumwangusha. Aliliendesha miaka na miaka, mkono mmoja ukining'inia dirishani kwa raha, breki zikinuka kila akifika Mombo, na soko likasahau kumwita Kinyumenyume. Alipokuja nyumbani siku za Idi baba alimpokea, akamkaribisha kiti, wakala sahani moja. Nilidhani basi na mimi nimesamehewa.

Mkono ulirudi, si wote, lakini ulitosha kwa jembe. Usukani haukurudi; yule aliyepewa Landrova alikuwa kijana, na Mzee Haji hakuwa mtu wa kubadili neno. Baba akawa mkulima wa karoti kwenye matuta ya babu yake. Alisema nami kwa upole kila siku. Aliniuliza habari za masomo, alinipeleka sekondari, alisimama nilipooa. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kilichokosekana. Kwetu mtoto hutumwa: kalete maji, kaniitie fulani, shika hiki, mpelekee mama kile. Mtoto huchoka kutumwa, hulalamika, na hajui kwamba ndiyo namna ya mzee kumwambia nakuamini. Baba hakunituma tena. Akitaka jembe alilifuata. Akitaka kuni aliwaita kaka zangu, nao wakiwa hawapo alimngojea mtoto wa jirani apite njiani. Nilianza kufanya mambo kabla hajayahitaji. Nilimwekea maji ya udhu, nikampangusia viatu; alisema ahsante, ahsante sana, kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Niliwahi kumwomba msamaha, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Alionekana kushangaa. "Nilikusamehe siku ileile," alisema, na naamini ilikuwa kweli. Kusamehe aliweza. Kuuweka tena mkono wangu juu ya kitu chake hakuweza, na nadhani hata yeye alijaribu.

Siku yake ya mwisho ilikuwa asubuhi ya jua, ukungu umekwisha kuondoka. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, mtungi na kikombe viko karibu na goti langu. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alinitazama, akatazama maji, kisha akainua kichwa kwa taabu na kumwita dada yangu Zaina aliyekuwa jikoni, mara mbili, mpaka akasikia. Zaina alikuja akikimbia, mikono ina unga, akapita mbele yangu, akachukua kikombe, akamnywesha. Nilibaki nimekaa.

Baba aliishi miaka kumi na tisa baada ya mimi kumchagulia gari, na kwa miaka yote hiyo hakunituma hata maji ya kunywa.